Stanley: Jina Lililotoka Kwenye Mawe ya England Likafika Maporomoko ya Kongo

Mpaka mwaka 1966, mji ambao leo tunauita Kisangani uliandikwa Stanleyville kwenye stempu, kwenye tiketi za meli za mtoni na kwenye vitabu vya shule vya Kongo. Maporomoko yaliyo jirani na mji huo yaliitwa Stanley Falls. Huko chini, pale mto unapotanuka mithili ya ziwa kati ya Kinshasa na Brazzaville, ramani zilisomeka Stanley Pool. Majina hayo matatu yameondolewa. Lakini mlima wa tatu kwa urefu barani Afrika, mpakani mwa Kongo na Uganda, ungali Mlima Stanley, na katikati ya Nairobi ipo hoteli kongwe yenye jina hilohilo.

Nje ya Afrika jina hili limeenea zaidi. Ni mji mkuu wa visiwa vya Falkland, karibu na ncha ya kusini ya Amerika. Ni kitongoji cha pwani ya Hong Kong, na mji mdogo wa Tasmania. Ni bustani kubwa ya Vancouver na ni kombe linalogombewa na timu za hoki ya barafuni. Ni kisu cha fundi, ni randa ya seremala, ni chupa ya chai. Ni jina la waziri mkuu wa Uingereza, la mwongozaji filamu wa Marekani, na la mpiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua.

Jina moja limefikaje kote huko? Historia yake inaonyesha jambo linalotuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki na Kati: jina la mahali huanza kwa watu wanaoieleza ardhi yao, kisha likiingia mikononi mwa wenye nguvu hugeuka kuwa hati ya umiliki.

Mawe msituni

Asili ya Stanley ni Kiingereza cha kale, lugha iliyosemwa England kabla ya mwaka 1066. Sehemu ya kwanza, stan, ni jiwe. Sehemu ya pili, leah, ilikuwa na maana ya pori la miti, kisha ikawa eneo lililofyekwa ndani ya pori ili watu walime au walishe mifugo. Stanley basi ni shamba la mawe lililofyekwa msituni. Aliyelitamka mara ya kwanza alikuwa mkulima anayemwelekeza mwenzake: nenda kule tulikofyeka, kwenye mawe.

Mpenzi wa soka wa kwetu ameshayasikia majina ya jamii hii mara nyingi bila kuyahusisha. Burnley, Barnsley na Wembley yote yanaishia na sehemu hiyo ya pili. Abiria wanaotua uwanja wa ndege wa Stansted, nje ya London, wanatua mahali pa mawe, na Stanton ni kijiji cha mawe. Kwa kuwa mawe na misitu vilikuwa vingi England, Stanley hazikuweza kuwa moja. Ipo Stanley ya Derbyshire, ya Staffordshire, ya Wiltshire, ya Yorkshire na ya Durham. Gloucestershire zipo mbili zilizo jirani: moja ikaitwa King's Stanley kwa kuwa ilikuwa mali ya mfalme, nyingine Leonard Stanley kwa sababu ya nyumba ya watawa iliyowekwa chini ya Mtakatifu Leonard. Mfalme William alipoamuru mashamba yote ya nchi aliyoiteka yahesabiwe kwa ajili ya kodi, katika kitabu kikubwa cha mwaka 1086 kiitwacho Domesday, Stanley kadhaa ziliandikwa humo.

Vijiji hivyo havikupata makuu. Uliosikika zaidi ni mji wa Stanley wa Durham, nao ulisikika kwa msiba. Tarehe 16 Februari 1909 mgodi wa makaa ya mawe wa West Stanley ulilipuka ukaua wanaume na wavulana 168. Tunapofuata jina hili kwenye majumba ya mabwana na ikulu za magavana, tukumbuke kwamba nyumbani kwake lilibaki jina la watu wanaochimba na kulima.

Kutoka kijiji hadi ukoo

Baada ya Wanormani kuiteka England, wenye ardhi walianza kujitambulisha kwa mashamba yao. Mtu akimiliki Stanley aliitwa "wa Stanley", kama vile pwani yetu mtu alivyoitwa Shirazi au Hadhrami kwa mahali palipotajwa kuwa asili ya wazee wake. Kwa vizazi kadhaa kiungo "wa" kilidondoka, na jina la mahali likabaki kuwa jina la ukoo, hata kwa wajukuu ambao hawakuwahi kukanyaga kijiji kile.

Ukoo uliolikuza jina hili ulichimbuka Stanley ya Staffordshire. Mwishoni mwa karne ya 13 uliingia Cheshire kwa njia ya ndoa, ukapata ardhi pamoja na usimamizi wa msitu wa Wirral. Aliyeuinua hasa ni Sir John Stanley. Mwaka 1385 alimwoa Isabel wa Lathom, mrithi wa mali kubwa huko Lancashire, na mwaka 1405 Mfalme Henry IV akampa kisiwa cha Man, kilichopo baharini kati ya England na Ireland. Kisiwa hicho kilikuwa na bunge lake na sheria zake. Kwa zaidi ya miaka 300, hadi 1736, kilitawaliwa na akina Stanley. Upande wa Lathom ukawapatia pia alama ya tai na mtoto mchanga, ambayo hadi leo imo kwenye vibao vya baa nyingi za England. Ile ya Oxford ndiyo waliyokutania waandishi J. R. R. Tolkien na C. S. Lewis.

Siku iliyouweka ukoo huu kwenye historia ni tarehe 22 Agosti 1485, kwenye uwanja wa vita wa Bosworth. Mfalme Richard III alikabiliwa na Henry Tudor, aliyetoka uhamishoni kudai kiti cha enzi. Thomas Stanley alikuwa mume wa mama yake Henry. Wakati huohuo mwanawe George alikuwa ameshikwa na Richard kuwa rehani. Thomas na ndugu yake William walifika na maelfu ya askari, wakasimama kando na kuangalia. Mapigano yalipofikia ukingoni, William alimshambulia Richard kwa jeshi lake. Richard akauawa papo hapo, na Henry akawa mfalme. Thomas alitunukiwa cheo cha Earl wa Derby. William hakufaidi muda mrefu: mwaka 1495 mfalme yuleyule aliyemwokoa alimkata kichwa kwa kosa la uhaini.

Tangu hapo mkuu wa ukoo ni Earl wa Derby, na kwa desturi iliyokuja baadaye mrithi anayesubiri huitwa Lord Stanley. Desturi hiyo ndiyo itakayotueleza kwa nini miji ya mbali ilipewa jina la Stanley na wala si la Derby.

Mbio za farasi na dabi

Mwaka 1780 Earl wa 12 wa Derby, Edward Smith-Stanley, alishiriki kuanzisha mbio za farasi wa miaka mitatu huko Epsom, kusini mwa London. Mbio zikaitwa kwa cheo chake, na mshindi wa kwanza akawa farasi aitwaye Diomed. Zilivutia watu kiasi kwamba nchi nyingine zikaiga jina lenyewe. Wamarekani walianza Kentucky Derby mwaka 1875. Kutoka kwenye farasi neno likatanuka likawa jina la pambano lolote kubwa, na hatimaye la mechi kati ya majirani wawili. Kamusi kubwa za Kiingereza hulipitisha neno hilo katika njia hii ya Epsom.

Ndiyo kusema, Simba na Yanga wanapokutana na Dar es Salaam nzima ikazungumza Dabi ya Kariakoo, cheo cha ukoo wa Stanley kinatajwa midomoni mwa watu ambao hawajawahi kuusikia ukoo wenyewe. Liverpool nako ukoo huo umeacha alama kwenye soka. Bustani ya Stanley, iliyofunguliwa mwaka 1870, ndiyo iliyotenganisha viwanja vya Anfield na Goodison kwa zaidi ya karne moja, ambapo Liverpool na Everton walichezea dabi yao. Mbali kidogo, kaskazini mashariki mwa Liverpool, timu ya Accrington Stanley ilipata jina kutokana na mtaa wa Stanley mjini Accrington.

Jina lapanda meli

Karne ya 19 ndiyo iliyolitoa jina hili nje ya Uingereza, na mtu aliyelibeba mwanzoni hakuhitaji kusafiri. Edward Smith-Stanley, aliyekuja kuwa Earl wa 14 wa Derby na Waziri Mkuu mara tatu, alipata kuwa waziri wa makoloni mara mbili kabla ya kuurithi uearl. Mwaka 1833 yeye ndiye aliyewasilisha bungeni sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza. Sheria hiyo iliwatengea wamiliki wa watumwa fidia ya pauni milioni 20. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu, na wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale kwa miaka kadhaa chini ya jina la uanafunzi wa kazi.

Aliporudi wizarani mwaka 1841, sasa akiitwa Lord Stanley, magavana waliokuwa wakiandika ripoti kwake walilitumia jina lake kama heshima. Visiwani Falkland, Gavana Richard Moody alianza kujenga mji mpya mwaka 1843. Ulipokuwa makao makuu mwaka 1845 ulikwishaitwa Stanley. Hong Kong ilipoingia mikononi mwa Waingereza, kijiji cha wavuvi ambacho Wachina wa huko walikiita Chek Chue kiliandikwa Stanley kwenye ramani za kikoloni. Tasmania nako bandari ndogo chini ya mwamba mkubwa ikapewa jina hilohilo.

Mwanawe Frederick alikwenda mwenyewe. Alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada kuanzia 1888 hadi 1893. Mwaka alioanza kazi, Vancouver ilifungua bustani ya hekta 400 hivi na kuiita Stanley. Pale palikuwa na makazi ya wenyeji wa asili, yakiwemo ya Wasquamish na Wamusqueam. Familia zilizoishi humo ziliondolewa polepole katika miaka iliyofuata. Mwaka 1892 Frederick alitoa bakuli la fedha lishindaniwe na timu za hoki ya barafuni. Lilikabidhiwa mara ya kwanza mwaka 1893 kwa timu ya Montreal. Mwaka huohuo yeye alirudi Uingereza, na hakuona hata fainali moja ya kombe ambalo leo linatajwa Amerika Kaskazini kuliko jina la gavana yeyote.

Mvulana aliyeazima jina

Stanley anayejulikana zaidi Afrika hakuwa wa ukoo huo hata kidogo, wala hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, nje ya ndoa, akaitwa John Rowlands. Akiwa na umri wa miaka sita alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, mahali ambapo fukara walipewa chakula na malazi kwa kazi ngumu na nidhamu ya viboko. Mwaka 1859 alifika New Orleans akiwa mtumishi wa melini. Huko alichukua jina la Henry Hope Stanley, mfanyabiashara mkubwa wa pamba, na baadaye akadai kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe. Waandishi wa maisha yake waliochunguza nyaraka za mji ule wanaitilia shaka hadithi hiyo. Ukweli ni kwamba kijana asiye na baba alichagua jina lililonukia ukabaila na mali, akalifanya ngao yake.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alipigana kwanza upande wa Kusini, akatekwa Shiloh mwaka 1862, kisha akaingia jeshi la Kaskazini. Baadaye akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald, lililomtuma kumtafuta mmisionari David Livingstone. Mwaka 1871 aliondoka Bagamoyo na msafara wa karibu watu 200, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Ujiji. Salamu anayodai kumpa Livingstone imerudiwa duniani kote, ingawa ukurasa wa siku ile katika shajara yake ulichanwa. Kisichorudiwa ni kwamba mtu wa kwanza kumlaki alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, ambaye miaka miwili baadaye aliongoza pamoja na mwenzake Chuma msafara ulioubeba mwili wa bwana wao hadi pwani.

Waliobeba mzigo

Hapa ndipo historia ya jina hili inapokuwa yetu. Stanley hakuzivuka nchi hizi kwa miguu yake miwili. Kiongozi wa askari wa msafara wa 1871 alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa India, na akarudi Zanzibar akiwa huru. Kabla ya Stanley, Bombay alikwishaongozana na Burton na Speke hadi Ziwa Tanganyika, na akaandamana na Speke na Grant katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile. Baadaye alitembea na Cameron kutoka pwani ya Hindi hadi pwani ya Atlantiki, safari iliyofika baharini mwaka 1875. Maana yake, Bombay aliivuka Afrika kabla Stanley hajaivuka.

Safari ya pili ya Stanley, ya 1874 hadi 1877, ilizunguka Ziwa Nyanza, ikapita ikulu ya Kabaka Mutesa, ikafuata mto Kongo hadi Boma. Iliwezekana kwa wapagazi na askari waliokodiwa Zanzibar na Bagamoyo, na kwa nahodha wa mashua aliyeitwa Uledi, ambaye Stanley mwenyewe aliandika jinsi alivyookoa wenzake mara kwa mara majini. Zaidi ya watu 100 wa msafara huo hawakurudi. Waliuawa na ndui, njaa, mishale, maji na kazi. Kalulu, kijana aliyetolewa zawadi kwa Stanley na mfanyabiashara Mwarabu huko Unyanyembe, akapelekwa Uingereza na kuonyeshwa kama kioja, alizama mwaka 1877 katika mkondo ambao Stanley aliupa jina la kijana huyo. Stanley anaeleza pia, bila kuficha, jinsi alivyowachapa watu wake na jinsi alivyopigana na wenyeji wa kandokando ya mto.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, ndiye aliyempa ulinzi kutoka Nyangwe mwaka 1876 katika nchi ambazo tajiri huyo alizitawala kwa biashara ya pembe na watumwa. Mwaka 1887 Stanley alirudi kwake Zanzibar na mkataba mwingine: Tippu Tip awe wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, mojawapo ya tawasifu za kwanza katika lugha yetu, Tippu Tip anamlalamikia Stanley kwa ahadi za fedha zisizotimizwa. Kwa bahati njema masimulizi hayo yapo. Tunaweza kusoma safari ileile kutoka upande wa pili, kwa Kiswahili fasaha cha Zanzibar.

Bula Matari

Kuanzia 1879 Stanley alifanya kazi kwa Leopold. Alijenga vituo, alichukua mikataba kwa machifu ambao hawakuweza kusoma walichotilia alama, na alipasua njia kwenye miamba ya Kongo ya chini ili mashua zipite. Wakongo wakampa jina la Bula Matari, mvunja mawe. Mtu aliyechagua jina la shamba la mawe alipewa na Waafrika jina la kuyavunja, nao hawakujua maana ya lile la kwanza.

Jina hilo halikubaki kwake. Dola Huru ya Kongo ilipoanzishwa mwaka 1885 chini ya Leopold, Bula Matari ikawa jina la serikali yenyewe: askari wake, kodi zake, viboko vyake, mikono iliyokatwa watu walipolazimishwa kukusanya utomvu wa mpira. Dunia ilipiga kelele mpaka Ubelgiji ikamnyang'anya mfalme koloni hilo mwaka 1908. Stanley hakuwepo Kongo wakati wa ukatili mkubwa wa mpira, lakini njia, vituo na mikataba aliyoacha ndiyo iliyowezesha utawala ule. Alikufa mwaka 1904. Kwenye kaburi lake huko Pirbright, England, lipo jiwe kubwa la matale lililochongwa jina lake, miaka yake, neno Africa na jina la Bula Matari. Jina ambalo Wakongo walilisema kwa hofu limechongwa pale kama nishani.

Milima ya Ruwenzori, ambayo Stanley aliiona mwaka 1888, ilipandwa mwaka 1906 na mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo. Yeye ndiye aliyekiita kilele kikuu Margherita, kwa jina la malkia wa nchi yake, na mlima wenyewe Stanley. Urefu wake ni mita 5,109. Wabakonzo walioishi chini ya theluji hiyo na wakawa wabebaji wa misafara ya kuupanda hawakuulizwa. Nairobi nako, Mayence Bent alipofungua hoteli mwaka 1902 aliipa jina la msafiri huyo. Iliteketea, ikahama, ikajengwa upya, na kwa miaka mingi ubao wa matangazo chini ya mgunga wake ulikuwa posta ya wasafiri waliotaka kuachiana ujumbe.

Randa, transfoma na chupa ya chai

Marekani jina lilikwenda na wahamiaji wa kawaida, likaingia viwandani. Mwaka 1843 Frederick Stanley alianza kutengeneza makomeo na bawaba za milango huko New Britain, Connecticut. Mwaka 1857 binamu yake Henry alianzisha kampuni ya rula na pimamaji. Kampuni hizo ziliungana mwaka 1920, na seremala wa nchi nyingi bado anaijua randa na kisu cha Stanley. William Stanley, fundi wa umeme, mwaka 1886 aliwasha mji wa Great Barrington, Massachusetts, kwa mkondo geu na transfoma, mfumo unaofanana na ule unaotufikishia umeme majumbani leo. Mwaka 1913 huyohuyo alibuni chupa ya chuma ya kuhifadhi joto, ambayo karne moja baadaye imekuwa kikombe cha fahari kwa vijana wa mitandaoni.

Ndugu pacha Francis na Freelan Stanley walitengeneza magari ya mvuke. Mwaka 1906 moja lao lilivunja rekodi ya dunia kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Freelan alijenga pia hoteli ya Stanley huko Colorado, iliyofunguliwa mwaka 1909. Mwandishi Stephen King alilala humo mwaka 1974, akapata wazo la riwaya yake The Shining, na filamu ya riwaya hiyo ikaongozwa na mtu mwingine wa jina hilo, Stanley Kubrick.

Muda mrefu kabla ya Kubrick, Stanley lilikuwa limegeuka jina la kwanza. Wazazi Waingereza waliwapa watoto wao jina hilo kwa kupenda sifa yake: Stanley Baldwin, aliyezaliwa 1867, akawa Waziri Mkuu, Stanley Matthews, aliyezaliwa 1915, akawa mchezaji wa kwanza kupata Ballon d'Or mwaka 1956. Wahamiaji wa Poland walioitwa Stanisław waliligeukia Marekani ili waeleweke. Kwetu liliingia kupitia ubatizo na shule za misheni. Mmoja wa walioitwa hivyo ni Stanley Mathenge, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, aliyepotelea msituni katika vita vya kuikomboa Kenya. Jina la mtumishi wa dola lilibebwa na mtu aliyeipinga dola, na hakuna anayelisikia leo huko Nyeri akamkumbuka mtu wa Wales.

Lililofutwa na lililobaki

Stanleyville ilipata umaarufu wake katika mapambano ya uhuru. Patrice Lumumba alifanya kazi ya posta mjini humo, na ndipo palipokuwa ngome yake ya kisiasa. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na tarehe 24 Novemba mwaka huo askari wa miamvuli wa Ubelgiji, waliobebwa na ndege za Marekani, wakaurudisha kwa umwagaji damu. Miaka miwili baadaye Rais Mobutu aliyabadili majina ya miji. Kisangani, jina ambalo wasemaji wa Kiswahili walikuwa wakilitumia tangu zamani, likawa jina rasmi. Maporomoko yakarudi kuwa Boyoma, na Stanley Pool ikawa Pool Malebo. Kilima cha Kinshasa ambako sanamu ya Stanley ilisimama kikachukua jina la Ngaliema, chifu wa Wateke aliyeshughulika naye, na mwaka 1971 sanamu ikashushwa.

Kwingine hali ni tofauti. Mwaka 1982 Argentina iliivamia Falkland, ikaubandika mji mkuu jina la Puerto Argentino. Waingereza walipoukomboa tarehe 14 Juni, Stanley ikarudi, na hadi leo ramani za nchi hizo mbili hazipatani. Hong Kong imerudishwa China tangu 1997, lakini Stanley na Chek Chue yameachwa yakae pamoja kwenye vibao vya barabara. Huko Denbigh, wenyeji waliulizwa mwaka 2021 kama sanamu ya mwana wao iondolewe, wengi wa waliopiga kura wakasema ibaki.

Mimi nawaunga mkono Wakongo. Mji unaoitwa kwa jina la mtu aliyefungua njia ya kunyang'anywa kwake unastahili kurudishiwa jina lake. Hata hivyo kufuta peke yake hakutoshi. Mtoto wa Kisangani anayejua jina jipya bila kujua kwa nini la zamani liliondolewa amebaki na nusu ya historia, na mtoto wa Bagamoyo anayejua Livingstone na Stanley bila kumjua Bombay, Susi, Uledi na Kalulu hana hata hiyo nusu.

Basi wizara za elimu, halmashauri za miji na sisi waandishi tuna kazi ya kufanya. Majina ya wapagazi yaingie vitabuni na kwenye mitaa ya Bagamoyo, Tabora, Ujiji na Kisangani. Maisha ya Tippu Tip yasomwe shuleni pamoja na ubaya wa biashara yake. Wazee wa Ruwenzori waulizwe milima yao inaitwaje, na majibu yao yaandikwe kabla hawajaondoka nayo. Stanley lilikuwa jina la shamba lililofyekwa na wakulima ambao hakuna anayewajua. Wakulima, wavuvi na wapagazi wa kwetu tunaweza bado kuwajua, na tusipowaandika sisi, hakuna atakayewaandika.